Mbwa wako anang'ata watu ovyo? Tuongelee huo ukali unatoka wapi na unashughulikiwaje

Pita Mbezi, pita Goba, nenda hata Njiro kule Arusha, kila baada ya mageti mawili matatu unakuta kibao kimeandikwa MBWA MKALI, na kwingine ukichungulia ndani hata huyo mbwa hayupo, kibao tu kinafanya kazi. Sisi tunaupenda ukali wa mbwa, tunaulipia kabisa. Mtu anaenda kununua mbwa swali la kwanza "huyu ni mkali?", na akiambiwa baba yake alishamng'ata mtu basi bei inapanda. Sasa shida inaanza siku mbwa huyohuyo anapomrukia mtoto wa dada aliyekuja likizo, au anamng'ata hausigeli ambaye ndo anamkorogea chakula kila siku, hapo utasikia "mbwa kaharibika". Wala hajaharibika. Anafanya kilekile alichokuwa anafanya getini mkawa mnamsifia, sema safari hii kampata mtu wenu.

Tuanzie hapa: ukali sio kitu kimoja. Kuna mbwa anayeng'ata kwa kuogopa, kuna anayelinda chakula au mfupa, kuna mwenye maumivu, kuna anayepandwa na hasira kwa sababu kafungwa na hawezi kufika anakotaka, kuna jike lenye watoto, na kuna yule anayekimbiza bodaboda na kuku na watoto wanaokimbia, ambaye hata hasira hana, damu ya uwindaji tu inamchemka. Kwa macho wote wanafanana, meno nje na kelele nyingi, lakini dawa zao ni tofauti. Ndo maana ukiuliza watu kumi utapewa majibu kumi na kila mmoja anaapa lake lilifanya kazi, inawezekana kweli lilifanya kazi, kwa mbwa wake.

Ila ukiniuliza hawa wa kwenye mageti yetu, wengi wao ni woga. Najua hii watu hawaipendi, mtu ana Boerboel wa kilo sitini halafu unamwambia mbwa wako muoga, anaona umemtukana. Lakini fikiria ukali unamsaidia nini mbwa. Unamsogezea kitu mbali. Basi. Kuna kitu hakipendi, anabweka, kile kitu kinaondoka, roho yake inatulia.

Chukua mbwa tumwite Simba, yuko ndani ya geti la nondo, na kila mwezi anakuja msoma mita ya maji. Mara ya kwanza Simba ana miezi saba, anamwona mtu mgeni kavaa kofia na begi, anarudi nyuma hatua mbili, mkia umeshuka, anabweka kwa sauti nyembamba. Msoma mita anasoma mita yake anaondoka, angeondoka tu hata Simba angenyamaza. Lakini Simba hajui kuhusu mita. Yeye anachojua ni kwamba kabweka, mtu kaondoka. Mwezi unaofuata anaanza mapema zaidi, sauti imeshakuwa nzito, harudi nyuma tena. Ongeza muuza mboga, boda wa chipsi, watoto wa shule asubuhi na jioni, wote wanapita na wote wanaondoka, kwa hiyo Simba kwa siku moja anashinda vita kumi na tano bila kupoteza hata moja. Baada ya mwaka ule woga huuoni tena, unaona mbwa anajiamini anarukia nondo. Kazoezwa vizuri sana, na aliyemzoeza hayupo, mtaa mzima ndo umemzoeza.

Na mara nyingi tunakuwa tumeshaandaa mazingira tangu akiwa mtoto. Ule ushauri maarufu wa mtaani, kwamba mfungie mtoto wa mbwa bandani asione watu ili akikua awe mkali, mpaka kuna wanaompa pilipili eti ipandishe hasira. Pilipili inampa maumivu ya tumbo, hakuna kingine. Ila kufungia kunafanya kazi kweli, na hapo ndo pabaya. Mbwa ana kipindi kifupi utotoni, kuanzia kama wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14 hivi, ambacho ubongo wake unapanga vitu gani duniani ni vya kawaida. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ambayo watoto wa mbwa walikuzwa uwanjani bila kukaa na binadamu, baadhi wakatolewa wiki moja wakae na watu halafu wakarudishwa, na wale ambao hawakugusana na mtu mpaka wiki ya 14 wakawa kama wanyama wa porini, hawashikiki. Kwa hiyo ukimfungia hupati mlinzi, unapata mnyama ambaye kila binadamu asiye wa nyumbani ni tishio kwake, na hana uwezo wa kumtofautisha mwizi na shangazi.

Halafu inakuja mnyororo. Mbwa akiogopa ana njia mbili kubwa, kukimbia au kupigana, na ukimfunga mnyororo wa mita mbili kwenye mti wa mwembe umeshamfutia ile ya kwanza. Utafiti mmoja wa Denver, Colorado, uliochapishwa 1994, ulilinganisha mbwa waliong'ata watu na ambao hawajawahi, na waliong'ata walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuwa ni wale wanaofungwa mnyororo uani. Sasa unaweza kusema labda walifungwa kwa sababu tayari ni wakali, sawa, inawezekana kwa baadhi, lakini hata hivyo mnyororo haukuwatibu, na mtoto anayecheza pale uani hajui mnyororo unaishia wapi.

Hapa naomba tuongelee kipigo maana ndo dawa namba moja nchi hii. Mbwa kanguruma, kofi. Kamrukia mgeni, fimbo. Na nyuma yake kuna ile falsafa ya "lazima umwoneshe bosi nani", watu wanamlaza mbwa chali wanamkandamiza chini mpaka anyooke. Hiyo habari ya bosi ilitokana na mbwa mwitu waliofugwa, wale wa Ulaya wanaoitwa "wolf" kwa Kiingereza, sio hawa wa mbuga zetu: mwaka 1947 Rudolf Schenkel alieleza tabia za mbwa mwitu waliokusanywa pamoja kwenye zuu ya Basel, Uswisi, wakawa wanagombania vyeo, na mtaalamu mwingine David Mech akaisambaza hiyo picha kwenye kitabu chake cha 1970. Baadaye Mech huyohuyo alikaa na mbwa mwitu wa porini kweli, na mwaka 1999 akaandika kwamba kule porini kundi kwa kawaida ni familia tu, baba na mama na watoto wao, hakuna cha ugomvi wa kugombea ukuu kila siku. Yaani mwenye hoja kaibadilisha mwenyewe, sisi huku bado tunamlaza Simba chali.

Na tukiacha falsafa, kipigo kina hasara ya moja kwa moja. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilitoa utafiti wa wenye mbwa 140 waliowapeleka wanyama wao kliniki ya tabia, wakaulizwa mbinu gani walishajaribu na mbwa alijibuje. Kati ya waliompiga au kumpiga teke mbwa wao, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Waliomlaza chali, asilimia 31. Waliomkazia macho, 30. Hao ni wenye mbwa wenyewe, sio wageni.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani haraka. Kunguruma ni onyo, ni mbwa anakwambia "ishia hapo". Ukimpiga kila akinguruma anajifunza kitu kimoja, kwamba kunguruma kunaleta fimbo, kwa hiyo anaacha. Ule woga wa ndani upo palepale, alichoacha ni king'ora tu. Hao ndo mbwa ambao watu wanasema "aling'ata ghafla, hakutoa hata sauti". Sauti aliifuta nani?

Kabla hata ya kunguruma kuna dalili ndogo ambazo wengi tunazipita. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Analamba pua haraka haraka. Anageuza kichwa pembeni lakini jicho linabaki kwako, unaona ule weupe wa jicho kama mwezi mchanga. Anasimama kama kaganda, mdomo kafumba, hahemi. Hiyo ya kuganda muiogope sana, ikitokea wakati mtoto kamkumbatia mbwa shingoni, achana na simu na picha, muite mbwa aje kwako au mtoe mtoto taratibu bila kelele. Na mkia kutikisika hakumaanishi furaha lazima, mkia uliosimama juu, mgumu, unatikisika kwa ncha tu, huyo hajafurahi hata kidogo.

Haya, una Simba wako, ana miaka mitatu, kashang'ata watu wawili. Unafanyaje?

Kwanza daktari wa mifugo, kabla ya mwalimu wa mbwa yeyote. German Shepherd wanasumbuliwa sana na nyonga, Rottweiler vilevile, mbwa anaumwa nyonga mtoto anampanda mgongoni unategemea nini. Masikio yaliyooza ndani, meno, jeraha chini ya manyoya, yote hayo yanamfanya mbwa mpole awe mkali akiguswa. Na kama ukali umekuja ghafla kwa mbwa ambaye hakuwa hivyo, anang'ata hovyo mpaka miti, mate yanamtoka, sauti imebadilika, anatembea kama mlevi, hapo hatuongelei mafunzo tena, inaweza kuwa kichaa cha mbwa, usimsogelee, piga simu kwa ofisa mifugo wa kata. Wengine watakwambia mhasi tu ataacha. Kuhasi kuna faida zake, kunapunguza kuzurura na ugomvi wa madume wakifuata jike, lakini mbwa anayeng'ata kwa woga ukimhasi unabaki na mbwa mwoga aliyehasiwa.

Pili, mzuie asiendelee kufanya mazoezi ya kung'ata. Watu wanaruka hii wanakimbilia mafunzo, wakati hapa ndo kuna nusu ya kazi. Kumbuka zile vita kumi na tano za kila siku, kama zinaendelea asubuhi mpaka jioni halafu wewe unamfundisha dakika tano, nani atashinda? Kwa hiyo ziba geti, bati au mbao mpaka chini asione wapita njia. Badala ya mnyororo mtengenezee eneo lenye wavu upande wa nyuma ya nyumba, lenye kivuli na maji, na komeo ambalo mtoto hafikii. Wageni wakija mbwa anaingia bandani kwanza ndo geti linafunguliwa, na sio "ngoja nimshike", mkono wa binadamu sio geti. Ukiweza weka milango miwili, ule wa geti na wa eneo la mbwa, mmoja ukisahaulika mwingine upo.

Na mzoeshe kuvaa kile kikapu cha mdomoni. Kiwe cha kikapu kweli, cha waya au plastiki, ambacho anaweza kuachama, kuhema na kunywa maji, sio ile mikanda ya kitambaa inayobana mdomo ukafumba, maana mbwa anapoza mwili kwa kuhema na kwa joto la Dar mbwa aliyefungwa mdomo anaweza kukufia mkononi. Usimvalishe kwa nguvu siku ya kwanza. Weka kipande cha nyama ndani ya kikapu aingize mdomo mwenyewe ale atoe, siku kadhaa hivyo hivyo, mpaka akikiona anakuja mbio, ndo uanze kufunga mkanda kwa sekunde chache.

Sasa mafunzo. Lengo sio kumfundisha avumilie watu, lengo ni kubadilisha kile anachohisi akimwona mtu. Inawezekana, na wala sio mambo mapya, mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alimsaidia mtoto mdogo aliyekuwa anaogopa sungura kwa njia hiyohiyo, mtoto anakula chakula anachokipenda, sungura analetwa kwa mbali, siku nyingine karibu kidogo, mpaka mwishowe mtoto akawa anamshika. Kwa mbwa utahitaji vitu vitatu: chakula ambacho hakipati siku nyingine, mtu wa kukusaidia, na uwanja mkubwa.

Chakula, chemsha firigisi au maini, katakata vipande vidogo kama ukucha wa kidole kidogo, weka kwenye mfuko wa kiunoni. Ugali wa dona na dagaa anaokula kila siku hautoshi hapa. Mtu wa kukusaidia awe mtu ambaye Simba hampendi sana ila sio yule anayemchukia kupita wote. Uwanja, kiwanja cha mpira asubuhi kabla watu hawajaamka kinafaa. Simba kavaa kikapu, yuko kwenye kamba, sio mnyororo, na kamba umeishika bila kuivuta.

Umbali ndo siri ya kila kitu. Kama Simba huwa anawaka mtu akifika mita kumi, basi msaidizi asimame mita thelathini. Unataka sehemu ambayo Simba anamwona mtu, masikio yanasimama, lakini bado anaweza kula na bado akiitwa jina anageuka. Akikataa firigisi ambayo nyumbani angeipigania, mko karibu mno, rudi nyuma. Akishaanza kubweka na kuvuta hakuna anachojifunza tena, usimgombeze, ondokeni tu.

Msaidizi anatokea nyuma ya mti, Simba anamwona, ndipo unatoa firigisi, moja, nyingine, nyingine, mfululizo. Msaidizi anarudi nyuma ya mti, firigisi zinakwisha, mkono unashuka, unakuwa unaboa kabisa. Anatokea tena, firigisi zinarudi. Mpangilio huo usiuchezee: mtu kwanza, chakula baadaye. Ukitoa chakula kwanza ndo mtu atokee, Simba atajifunza kwamba firigisi zikitoka kuna balaa linakuja, nimeona watu wanaharibu hapa halafu wanasema njia haifai. Ukifanya vizuri itafika mahali mtu akitokea, Simba badala ya kumkazia macho anageuza shingo haraka kukuangalia wewe, macho laini, mdomo wazi, kama anauliza "haya iko wapi". Hiyo shingo kugeuka ndo ishara unayoisubiri. Ikitokea mara nyingi bila kukosea, punguzeni mita mbili tatu. Sio kumi.

Dakika tano zinatosha, halafu nyumbani. Na kuna siku utaona karudi nyuma kabisa, hasa kama usiku ule kulikuwa na fataki, au harusi ya jirani yenye spika mpaka alfajiri, au kapigana na mbwa mwingine. Presha inajikusanya kwa mbwa, siku kama hizo pumzisha. Miezi itapita, sio wiki, na mtu akikuahidi siku saba kwa laki tatu muulize kwanza atamfanya nini mbwa wako ukiwa haupo.

Mwenye kulinda chakula yeye usimwingizie mkono kwenye bakuli "ili azoee". Unamthibitishia kile anachokiogopa, kwamba watu wanakuja kumnyang'anya. Pita mbali na bakuli, mrushie kipande cha nyama, endelea na safari yako. Kesho tena. Anaanza kuona mtu akikaribia bakuli chakula kinaongezeka. Akiwa na kitu mdomoni unachotaka akiachie, badilishana naye kwa kizuri zaidi. Na watoto wasiwepo kabisa wakati mbwa anakula, hiyo haina mjadala.

Najua kuna anayesoma hapa anawaza, sasa si mtanifanya mbwa wangu awe bwege, mwizi akija amchekee? Angalia mbwa wa polisi. Wanafundishwa kushika mtu, lakini cha kwanza kabisa wanafundishwa utii, na akiambiwa aachie anaachia. Mbwa wako wa uani wewe hana hicho kitufe cha kuzima. Kwa mwizi, mbwa anayebweka usiku mkaamka anatosha kwa asilimia kubwa, na mbwa anayejua watu wa kawaida wakoje ndo anatambua vizuri asiye wa kawaida, yule anayebwekea hata majani yakianguka mnaishia kumzoea, siku mwizi kaja mnageuza upande mwingine wa mto mnalala.

Sio kila mbwa anarekebishika, hili niseme wazi. Daktari wa mifugo Ian Dunbar alitengeneza ngazi sita za kung'ata ambazo zinatumika sana: ya kwanza anarusha mdomo bila kugusa, ya pili meno yanagusa ngozi bila kutoboa, ya tatu anatoboa lakini sio kina, haizidi nusu ya urefu wa jino la mbele lile refu, ya nne ametoboa kwa kina zaidi ya hapo, pengine kashikilia na kutikisa, ya tano kang'ata mara nyingi kwa kina hicho, ya sita kaua. Za mwanzo mbili unafanya kazi nazo vizuri tu, ya tatu kwa umakini na ikiwezekana na mtaalamu. Ikifika nne na ndani kuna watoto wadogo, kaa na daktari mzungumze kwa ukweli, na usimgawie mtu mwingine kimyakimya bila kumwambia historia, huko ni kuhamisha msiba.

Na akishamng'ata mtu leo, kabla ya kugombana nani alimchokoza nani: kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kwa saa, sio kusuuza. Usiweke kahawa, mkaa wala majani. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama mtobo ni mdogo, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona, na duniani kinakadiriwa kuua watu kama 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Nenda na kadi ya chanjo ya mbwa kama ipo. Na mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira siku hiyo, kama ni mzima na mnaweza kumfungia sehemu salama muwekeni siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, maana yake siku ile hakuwa na kichaa kwenye mate yake, na daktari wa hospitali anaweza kuamua kusimamisha chanjo zilizobaki. Mkimpiga mawe mkamzika palepale, hakuna wa kuangaliwa tena, na aliyeng'atwa itabidi amalize sindano zote.